Mke wa Kwenye Kadi

"Violet ni nani?"

Ndesanjo alikuwa anapuliza chai. Kikombe kikasimama hewani.

"Unasemaje, Evelyn?"

"Violet ni nani, mpaka kadi yako ya bima inamtaja kuwa mke wako?"

Watu wawili watatu waliokuwa mgahawani pale Njiro wakageuka. Shauri yao. Evelyn alikuwa mhakiki wa madai kwenye kampuni ya bima, na asubuhi hiyo faili la mchumba wake lilikuwa limetua mezani kwake. Harusi wiki mbili zijazo, matangazo kanisani yameshasomwa mara mbili, kumbe bwana ana mke!

"Ni mjane wa kaka Mikaeli," Ndesanjo akasema polepole. "Mama Blessing, wa Momela. Ana saratani ya titi. Siku ya matanga wazee walinishika mkono wakaniambia nyumba ya kaka yako ni yako sasa. Nilipoletewa fomu ya bima kazini, nikamwandika."

"Umemwoa?"

"Sijawahi hata kulala kwake! Ameandikiwa dripu sita za dawa ya saratani, Evelyn. Amemaliza tatu. Muuza mboga, nani angemkatia bima?"

Tangu wachumbiane walibishana kuhusu bima. Evelyn alisifia kampuni binafsi, ukionyesha kadi unahudumiwa bila kuzungushwa. Ndesanjo alitaka mfuko mmoja wa taifa, mwenye nacho na asiye nacho humo humo. Walizoea kubishana huku wanacheka. Siku hiyo hakucheka mtu.

"Usiniletee mambo ya mfuko mmoja! Mimi wa kujua hili kwenye faili?"

"Niliogopa. Ungejua, ungelazimika kuniripoti."

"Na sasa?"

Ndesanjo akakitua kikombe mezani. Evelyn akabeba mkoba, akatoka huku machozi yanamchuruzika. Aliumia kweli kweli.

Kesho yake, Jumamosi, akaenda Momela bila kumwambia mtu. Wivu ulikuwa bado unamchoma, alitaka amwone huyo mwanamke kwa macho yake. Akamkuta amekaa nje, kitambaa kichwani, kucha nyeusi kwa dawa.

"Jamani, bibi harusi wetu!" Violet akajikongoja kusimama. "Shemeji alinionyesha picha yako. Tena ana bahati, kazini kwake wanaruhusu kutibiwa ndugu. Gauni langu la kuvaa harusini kwenu nimeshashona. Namwomba Mungu anifikishe."

Kumbe hata yeye hakujua ameandikwa mke. Wivu ukamwisha Evelyn pale pale, akabaki na aibu. Njiani akamtumia Ndesanjo meseji:

"Jumatatu mwandikie mwajiri wako ukweli. Usipoandika, naripoti mimi."

"Wakimtoa kwenye kadi atakufa, Evelyn."

"Kesho kamati inakaa. Uje."

Kamati ya harusi ilikutana Lemara baada ya ibada. Mwenyekiti, Mzee Abdiel, alikuwa kwenye habari za ukumbi Evelyn aliposimama.

"Shikamooni wazee wangu. Ukumbi sitaki. Keki sitaki, wala matarumbeta."

"Weee!" Mama yake akaruka. "Na watu wameshachanga?"

"Ndiyo, mama. Naomba michango hiyo imtibu Violet."

Akaeleza yote, hata kosa la Ndesanjo, bila kulipamba. Ndesanjo aliinamisha kichwa. Mzee Abdiel akavua miwani.

"Anayetaka mchango wake urudi, anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Mama Evelyn akajifuta macho kwa upande wa khanga.

"Basi tutapikia nyumbani," akasema.

Nje, Ndesanjo alimshika Evelyn mkono.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Usinifiche tena kitu."

"Huo ndio mfuko niliokuwa nakwambia."

"Nimeuona. Lakini Violet ana sisi. Asiye na kamati, nani atamchangia?"

"Ndiyo maana nabishana, Evelyn."



Barua kwa mwajiri iliandikwa. Jina la Violet likafutwa kwenye kadi, Ndesanjo akapewa onyo la mwisho kazini. Jumamosi ya harusi wageni walikula mtori wa ndizi na kunywa soda uani, wakatosheka.

Lakini kabla ya hapo, kanisani, mchungaji alipofungua kitabu cha ndoa, bibi harusi aliomba shahidi wake awe Violet. Violet alikuwa ametoka kwenye dripu ya nne wiki ile ile, mwili bado dhaifu. Evelyn akamshikia kitabu kisisogee, na Violet, taratibu, akaandika jina lake kwenye mstari wa shahidi.