Vikombe Sita vya Unga

Kila Jumamosi, kabla jua halijafika kwenye dirisha la jikoni, Bibi alikuwa ameshaketi mezani, mikono imeoshwa hadi viwikoni na kitambaa cheupe kimefungwa kichwani. Mbele yake palikuwa na ndoo ya unga yenye kifuniko, bakuli pana la bati, na kikombe cha plastiki cha rangi ya buluu. Mama alivunja mayai manane na kuyahesabu maganda. Akafungua pakiti moja ya sukari na boksi moja la siagi. Unga peke yake haukupimwa kwa pakiti wala kwa mizani. Ulipimwa na Bibi, vikombe sita vya buluu, kila kimoja kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu. Bibi alihesabu kwa sauti, kwa kuwa jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu na la kulia lilikuwa njiani kulifuata.

"Moja," alisema, na unga ukaanguka bakulini. "Mbili."

Mjukuu wake wa miaka kumi na miwili alisimama upande wa pili na chekeche mkononi. Bibi mwenyewe ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu kinywa chake hakikujua kupumzika.

"Bibi, kwani ukikosea hesabu itakuwaje?"

"Utaila wewe, kwa kuwa ndiye uliyenipotosha. Tatu."

Keki hizo za Jumamosi, pamoja na mikate ya Jumatano, zilijulikana mtaa mzima. Fundi cherehani wa barabara ya pili, mwanamke mpenda mizaha, alichukua keki nzima kila wiki na kuwakatia wateja wake vipande wanaposubiri nguo. Wapo waliosema kwamba suruali zao hazikuhitaji fundi ila siku ya keki.

Jumamosi moja, baada ya kazi, Chiriku aliachiwa kuosha vyombo. Rafiki yake akamwita kutoka nje. Chiriku akaweka kikombe cha buluu mahali palipokuwa karibu na mkono wake, akatoka mbio. Mahali penyewe palikuwa juu ya trei ya chuma iliyotoka kwenye oveni muda mfupi tu uliopita. Mama alikuwa amemwonya mara mbili juu ya trei hiyo.

Aliporudi, kikombe kilikuwa kimekunjamana kama mdomo wa mzee asiye na meno, na kitako chake kimeganda chumani.

Huo ndio wakati ambao neno moja lingetosha. Lakini Chiriku, aliyekuwa na maneno ya kila jambo, hakuwa nalo. Alikibandua kikombe, akakifunga katika gazeti na kukisukuma chini kabisa ya pipa la taka. Jumatatu, shuleni, alimweleza shida yake msichana aliyeketi naye dawati moja. Msichana huyo aliitwa Bepari, kwa sababu hapakuwa na kitu darasani ambacho hakuwahi kukibadilisha kwa kingine. Siku iliyofuata Bepari alikuja na kikombe cha buluu, akachukua penseli kumi na mbili za rangi.

"Ndicho?" Chiriku aliuliza, akikigeuza. "Mbona kama kimenenepa?"

"Rangi ile ile, mkono ule ule. Kikombe ni kikombe. Kwani nyumbani kwenu mnakipeleka kwa daktari?"

Chiriku alicheka, na kicheko kikamaliza shaka.

Jumatano mikate ilitoka migumu, imekaa chini kama iliyokatazwa kuinuka. Mama aliilaumu hamira. Jumamosi keki zilipasuka juu kama shamba la kiangazi, na ndani zilikuwa kavu. Mama aliilaumu oveni. Jioni ile ile fundi cherehani alikuja mwenyewe, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Jirani," alisema, "leo umenipa keki au umenipa msingi wa nyumba? Mteja wangu mmoja alikunywa maji vikombe vitatu, na bado tulikuwa tukimpigapiga mgongo."

Mama alicheka kwa adabu. Mlango ulipofungwa, kicheko kilikwisha. Jumatano iliyofuata mikate ikawa migumu tena, ijapokuwa hamira ilikuwa mpya. Mama alifunua ndoo, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Na unga unakwisha upesi siku hizi," alisema polepole. Kisha akamtazama Bibi, na haraka akayageuza macho yake.

Chiriku aliona mtazamo ule. Alipoachwa peke yake na vyombo, alikizungushia kikombe mkono wake. Kile cha zamani alikijua: kidole gumba na cha kati vilikutana. Hapa havikukutana, vilibakiza nafasi ya kupitisha kidole cha tatu. Hapakuwa na cha kujiuliza tena. Bibi alihesabu sita, na sita zilikuwa sita, lakini kila moja ilibeba zaidi ya haki yake.

Alikiosha kikombe na kukirudisha rafuni.

Jumamosi Mama alizungumza kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuliko ukali. "Mama, leo pumzika. Macho yako yamefanya kazi ya kutosha. Chiriku atapima."

Bibi alisogeza kiti chake hadi karibu na dirisha, mikono yake ikakaa mapajani kama vitu alivyoazimwa.

Chiriku alichota unga. Angeweza kukijaza kikombe hadi ukingoni, keki zikaharibika mbele ya macho ya wote, na Mama angetambua kwamba kosa haliko kwa Bibi. Angeweza pia kusema. Hakufanya hili wala lile. Aliogopa kuonekana mshindwa katika kazi aliyokabidhiwa, basi kila kikombe alikiacha kipungue upana wa kidole.

Keki zikaumuka. Zilitoka kwenye oveni zikiwa na rangi ya dhahabu, laini, na harufu yake ikafika barabarani. Mama alimkumbatia binti yake, kisha akafungua dirisha, kwa kuwa fundi cherehani alikuwa anapita.

"Jirani, njoo uchukue keki ya kweli. Ilikuwa ni Bibi, macho yamemchoka, hesabu zinampotea. Sasa anapima mtoto."

"Uzee hauna dawa," alijibu fundi kutoka nje, si kwa ubaya. "Nami nilisema ni msingi wa nyumba, kumbe huyu ajuza alitaka kutujengea ukuta."

Maneno yale yalipita juu ya kichwa cha Bibi, maana ndiye aliyeketi pale dirishani. Aliomba kipande, akakitafuna taratibu hadi kikaisha.

"Nzuri," alisema. "Basi ni mimi."

Akakifungua kitambaa cheupe kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya meza, akaenda chumbani kwake. Jumatano hakuja jikoni kabisa. Chiriku alipima, mikate ikaumuka, na kila aliyeisifu alimchoma. Alipunguza maneno mezani. Baba alimuuliza kama anaumwa, naye akasema ni kichwa. Hapo ukawa uongo wa tatu, kwa kuwa uongo ni kama kuku, hautagi yai moja ukatosheka.

Jumapili alasiri Mama alimtuma ampelekee Bibi chai. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Bibi alikuwa ameketi kitandani na sinia mapajani, na juu ya sinia palikuwa na maharage makavu. Aliyapanga kwa ncha ya kidole, midomo ikitembea.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Akayafuta, akaanza upya. "Moja, mbili..."

"Bibi, chai."

"Weka hapo, mjukuu wangu, kisha uketi. Macho yako ni mazima. Nihesabie nyuma yangu, uone ni wapi ninaporuka. Tangu asubuhi natafuta. Kama kuna namba inanipotea, nataka niijue ni ipi, maana leo ni unga, kesho nitasahau njia ya kutoka msalani."

Alisema mzaha huo bila kutabasamu. Akapanga maharage sita. Sita. Akapanga tena. Sita. Mara ya tatu aliyapanga polepole zaidi, na bado yalikuwa sita.

"Nimeruka wapi?"

"Hujaruka, Bibi."

"Usinionee huruma."

"Hujaruka popote. Kikombe ndicho kilichobadilika." Na hapo neno lililokwama majuma matatu likatoka, na yaliyokuwa nyuma yake yakalifuata: trei, gazeti, penseli za rangi, upana wa kidole. Chiriku alilia hata kamasi zikamchanganyikia na maneno.

Bibi hakumpangusa machozi. Alisubiri amalize.

"Ulipopima wewe, ulijua?"

"Nilijua."

"Nami nikiwa nimeketi pale dirishani?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi aliyakusanya maharage, moja moja, akayarudisha katika mfuko. "Kikombe ningekusamehe kabla hujamaliza kuniambia," alisema. "Hili jingine sitalisamehe hapa chumbani, sisi wawili tu. Umenivua nguo mbele za watu, usije kunivisha gizani. Nenda kwa mama yako. Kisha nenda kwa fundi."

Mama alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Hakupaza sauti. Aliingia chumbani kwa Bibi, akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Nilikuhukumu."

"Ulihukumu kwa ulichokiona," alisema Bibi. "Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia kwamba mkono wangu ulihisi kikombe kizito. Nilidhani ni mkono uliochoka, nikanyamaza. Inuka, magoti yako nayo si ya juzi."

Kesho yake baada ya masomo, Chiriku alisimama katika duka la ushonaji. Wateja watatu walikuwa wameketi kwenye benchi. Aliomba moyoni kwamba waondoke, nao hawakuondoka. Akasema yote, akimtazama fundi. Fundi cherehani alichomoa pini zilizokuwa mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo Bibi hana kosa?"

"Hana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na mimi niliyemcheka hadharani, nikajifiche wapi?" Fundi akaisimamisha mashine, akachukua ushungi wake na kufuatana na Chiriku hadi nyumbani, wateja wakiwa wamebaki na suruali zisizo na pindo.

Jumamosi iliyofuata hapakuokwa kitu kabla ya kipimo kupatikana. Bibi alieleza kwamba pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa ikitoa vikombe kumi na viwili kamili vya kile cha zamani. Kile cha Bepari kilitoa kumi tu. Ikawa kazi ya Chiriku kukijaza, kukipunguza, kukitia alama kwa kalamu, kuumwaga unga na kuanza upya. Mara ya kwanza alipata kumi na moja na nusu. Mara ya pili kumi na tatu kasoro. Mara ya tano, mgongo ukimuuma na nyusi zikiwa nyeupe, pakiti ilikwisha pale pale kikombe cha kumi na mbili kilipofika kwenye alama. Mama akapasha kisu moto, akakikata kikombe kwenye alama hiyo. Chiriku akausugua ukingo kwa msasa hadi ukawa laini.

Bibi aliupitisha mgongo wa kisu juu ya ukingo huo, akasikiliza kama unakwaruza.

"Chiriku," alisema, "sikia, na usimwachie mwingine akukumbushe. Mtu yeyote aweza kuunguza kikombe. Lakini kosa lako ukilificha, halikai lilipofichwa. Hutoka likatafute mtu wa kulibeba, na humchagua asiyeweza kujitetea. Safari hii lilinichagua mimi. Ukweli ungekugharimu karipio la asubuhi moja, nao uongo ulinigharimu akili yangu juma zima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Na penseli zako hazirudi."

"Najua, Bibi."

Mama alimpa Bibi kitambaa cheupe. Alikifunga bila haraka, akavuta kiti kutoka dirishani hadi mezani, akaifunua ndoo.

"Moja," alisema Bibi, na Chiriku akashika chekeche, kinywa amekifunga, asije akampotezea Bibi hesabu.