Deodata, Mkausha Maua wa Nyakahura

Ng'ombe wa Shibuda, mchuuzi wa mifugo, alikwishameza nusu ya maua ya harusi ya Jovitha kabla Deodata hajageuka na kupiga kelele.

"Mungu wangu! Jamani, nani mwenye ng'ombe huyu?"

Ilikuwa siku ya mnada Nyakahura, mwaka 2006, enzi zile malori ya chakula cha wakimbizi yalipokuwa yakipita mchana kutwa kwenda Ngara na vumbi lake kutua juu ya dagaa, juu ya vitenge, juu ya vichwa vya watu. Deodata, binti wa Mzee Rwekaza, alikuwa na meza yake kando ya barabara. Kazi yake haikuwa na mwenzake Biharamulo nzima. Harusi ikiisha, maharusi walimletea maua yao. Aliyalaza kati ya magazeti, akayakandamiza kwa mawe, akabadilisha magazeti kila asubuhi mpaka maua yakauke na rangi yake. Kisha aliyapanga juu ya kitambaa cheupe, akaandika majina na tarehe kwa wino, akafunika kwa kioo. Ndugu waliwapa maharusi zawadi hiyo waitundike ukutani, waitazame hata uzeeni.

Kijana mmoja alikuja mbio, fimbo mkononi, amevaa shati la buluu lililofuliwa mpaka likakaribia weupe.

"Nisamehe dada. Mimi ndiye niliyekuwa nikimswaga. Nimegeuka kidogo tu."

"Kidogo tu? Ameshakula harusi ya watu!"

Kijana akamtazama ng'ombe aliyekuwa akitafuna, macho ameyafumba nusu. "Angalau karamu imempendeza."

Deodata alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Akajifuta vumbi kwenye gauni lake la njano na kukunja uso upya.

"Usinichekeshe. Haya ni maua ya bibi harusi."

"Ni waridi jeupe tu. Kwa masista yamejaa, nitakuletea. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Akafunga meza, akaenda kwa Jovitha kumweleza ukweli. Njiani alisikia hatua nyuma yake. Kijana alikuwa amemwachia mwenzake ng'ombe.

"Kosa ni langu," alisema. "Siwezi kukuacha ukalaumiwe peke yako."

Jovitha alilia, akapenga kamasi, akayatazama maua yaliyobaki. "Weka hayo hayo," alisema mwishowe. "Na chini uandike: mengine yaliliwa na ng'ombe."

Walicheka wote watatu mpaka kuku wakakimbia.

"Basi fremu nitatengeneza mimi," akasema yule kijana. "Mimi ni fundi seremala. Ng'ombe ni kibarua cha leo tu."

Jina lake Leonidasi. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1993, akiwa na miaka kumi, ameshika pindo la kitenge cha mama yake. Baba hakuvuka. Tangu hapo walihamishwa kambi hadi kambi huko Ngara, yeye na mama yake, Niragira. Alipopata kibali cha kutoka, alikuja mnadani na fremu za mbao laini, pembe zake zimeungana hata ukucha haupiti. Alijifunza kushika ua kwa ncha za vidole. Deodata naye alijifunza kukata kioo. Meza yao ikawa inanukia mbao mbichi na waridi kavu.

Siku asizokuja, alipiga simu. Nyumbani kwa Mzee Rwekaza mtandao ulikamatika juu ya kichuguu tu, nyuma ya migomba, na Deodata alikipanda kila jioni kama mwenye zamu.

"Umekula, mukundwa?"

"Nimekula. Hilo neno lako maana yake nini?"

"Mpendwa. Nimekuambia mara ngapi?"

"Nimesahau. Sema tena."

"Deo, salio linaisha!"

"Basi sema haraka."

Mwaka mzima ulipita hivyo, na pengine ungepita na mwingine kama si Verediana, rafiki yake aliyekuwa akiuza karanga karibu na kambi.

"Shoga, kaa chini," alimwambia siku moja. "Majina ya wanaorudi Burundi yamebandikwa. La Leonidasi nimeliona kwa macho yangu. Na alijiandikisha miezi miwili iliyopita."

Miezi miwili! Katika miezi hiyo alikuwa amekaa mezani pake, akacheka, akapanga naye rangi ya gauni la harusi yao. Jioni ile simu ilipoita, Deodata hakumsalimia.

"Unarudi kwenu?"

"Deo, nilitaka kukuambia."

"Lini? Ukiwa juu ya lori?"

Akakata. Siku nne simu iliita naye akaiacha iite. Siku ya tano aliipokea, na sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Shikamoo," alisema Deodata alipotambua ni mtu mzima.

"Marahaba mwanangu. Mimi Niragira, mama yake Leonidasi. Tunaondoka kesho kutwa. Mimi ndiye niliyetaka kurudi. Shamba la marehemu liko pale, nisipolilima watalilima wengine. Huyu ni mwanangu pekee, angeniacha na nani? Kila akija huko aliniaga akisema, mama, leo namwambia. Akirudi anasema, mama, alikuwa anacheka, nimeshindwa."

Alfajiri ya siku ya safari Deodata aliomba lifti kwenye lori la ndizi. Alifika kambini jua limechomoza. Watu walikuwa wakipakia magodoro, milango, mabati na mbuzi, wakiitana majina. Leonidasi alikuwa amebeba kiti cha mama yake. Alipomwona alikitua chini.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa, Deo. Kila nilipopazoea, nilihamishwa. Nilisema, nikinyamaza, labda hapa nitaachwa."

"Ungeniambia ningelia. Ningelia siku hiyo, kesho yake ningenawa uso tukapanga la kufanya."

"Nikimjengea mama nitarudi. Utaningoja?"

"Nitakungoja. Lakini ukinificha tena, hata homa, usije."

Lori liliondoka na vumbi lake. Deodata alisimama barabarani mpaka mlio wa mwisho ukazama nyuma ya kilima.

Miezi kumi alipanda kichuguu. Simu za kutoka ng'ambo zilikuwa za kukatikakatika, maneno matatu hapa, manne pale. Kisha siku moja ya kiangazi Leonidasi akabisha hodi, hati ya kusafiria mfukoni, mjomba wake pembeni.

Mzee Rwekaza aliwakaribisha, akawasikiliza, akakohoa.

"Miaka yote hii watu wamekimbilia kwetu. Wewe unataka kumpeleka binti yangu kule walikokimbia?"

"Ndiyo, mzee. Nyumba ina vyumba viwili, kimoja hakijapata mlango. Jirani tuna kesi naye ya mpaka wa shamba. Amani ipo, lakini ya kesho siwezi kukuapia."

Mjomba alimkanyaga mguu anyamaze. Nyuma ya pazia, Deodata alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi na kicheko vikimjia pamoja. Hakusubiri kuitwa.

"Baba," alisema akitokeza, "nimekubali."

Walifunga ndoa Nyakahura. Mwaka huo huo kambi ilifungwa, nyasi zikaota palipokuwa na soko, na Deodata akavuka mpaka kwa miguu yake kwenda upande ambako utotoni aliwaona watu wakitoka.

Nyumba yao ilikuwa juu ya mlima. Asubuhi ukungu ukiondoka, vilima vya Ngara vilionekana mbali, vya buluu. Mwezi wa kwanza mama mkwe wake alimkuta amesimama uani, ungo mkononi, amesahau kupeta.

"Unakumbuka kwenu?"

"Sana, mama."

Niragira akasogea kwenye mkeka, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki kando yake.

"Njoo ukae. Mimi nilikumbuka kwetu miaka kumi na minne kule kambini. Nitakufundisha."