Walivyoigawana Mashine ya Vedasto

Wananchi wenzangu wa Tabora, nitawaeleza jambo lililotokea hapa Kitete, na nitalieleza kama lilivyotokea, kwa sababu wahusika wamekwisha kulieleza kama walivyopenda.

Jumapili ile nyumba ya Vedasto, fundi seremala, ilikuwa imetulia. Watu walikuwa wametoka misa ya kwanza, chai ilikuwa mezani, na uani, chini ya paa la karakana, ilisimama mashine ya pinboli. Kwa asiyeijua, ni sanduku refu lenye miguu, limeinama kuelekea kwa mchezaji na limefunikwa kioo. Mchezaji anavuta fimbo yenye springi, gololi ya chuma inaruka hadi juu, kisha inateremka ikigonga vigingi na kengele. Kazi yake ni kuizuia isitumbukie chini, kwa mikono miwili midogo ya mbao. Kitufe cha kulia kinainua mkono wa kulia, cha kushoto kinainua wa kushoto.

Vedasto na mkewe Yustina waliibuni wenyewe. Mume alichonga mninga. Mke, aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi, aliunganisha nyaya na kengele. Ubunifu wao ulikuwa huu: kila kipande kilichomoka peke yake. Ubao wa mchezo ulitolewa na kuwekwa mwingine. Mmoja ulichorwa stesheni za reli. Mwingine ulichorwa njia ya misafara, gololi ikianzia Ujiji juu kabisa, ikapita Tabora, ikateremka hadi Bagamoyo. Kipande kikiharibika, kinabadilishwa hicho tu, na mashine nzima inafungwa vipandevipande na kupakiwa kwenye basi. Kituo kimoja cha vijana cha Igunga kilikuwa kimeahidi kuagiza mashine za aina hiyo, kwa sharti moja: kiione ikifanya kazi siku ya uzinduzi wake, kwenye maonyesho ya wabunifu mjini.

"Wifi, mashine hii inanipenda!" alipiga kelele Apolinaria, dada yake Vedasto, kengele zikimlilia.

"Haikupendi, unaisukuma na tumbo," alisema binamu yao Emilian, dereva wa bodaboda. "Ondoa tumbo tuone."

"Ondoa wewe hilo domo!"

Wote walicheka. Octavian, kaka mkubwa, mwenye duka la vitafunio karibu na soko, hakucheka. Alikuwa akipapasa kioo.

"Na hiki kinatokaje?"

"Unavuta hapa tu, kaka," Vedasto alijibu kwa fahari. "Hakuna msumari. Hata mtoto anakitoa."

"Kizuri," alisema Octavian. "Kinene."

Wiki iliyofuata Vedasto alianguka karakanani akiwa ameshika randa. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kushoto ulilegea na ulimi ukawa mzito. Hospitalini daktari alieleza kwamba mgonjwa ataishi, na kwa mazoezi ataweza kufanya kazi tena. Yustina alimpigia shemeji yake simu na kumweleza hivyo hivyo, neno kwa neno. Hili nalisisitiza kwa sababu baadaye alilikana: Octavian aliambiwa.

"Daktari anasema atapona, shemeji. Taratibu."

"Mungu ni mwema," alijibu Octavian. Kisha akaitisha kikao cha ukoo.

Yustina hakuwepo. Alikuwa wodini akimlisha na kumgeuza mumewe, na ufunguo wa nyumba alikuwa amemwachia Apolinaria ili alishe kuku. Kikao kilifanyika sebuleni kwa Vedasto, kwenye viti alivyovichonga Vedasto. Octavian alisema mgonjwa wa namna ile harudi kazini, na vitu vikikaa bure vitaibiwa, kwa hiyo kila mmoja amtunzie kimoja. Hawakulitamka neno kugawana. Octavian alimtunzia kioo. Apolinaria alimtunzia mbao mbili za mchezo. Emilian alimtunzia springi na kengele. Hawakuhitaji hata bisibisi. Kila kitu kilitoka kwa mkono, kama mwenyewe alivyowafundisha.

Walitoka kwa mlango wa mbele, mchana. Nanyi mlioketi barazani mliwaona. Mmoja wenu alinyanyuka akamsaidia Octavian kushika kioo upande wa pili kisigonge mlango.

Vedasto aliporuhusiwa kurudi nyumbani, uzinduzi ulikuwa umekaribia. Yustina alifungua karakana akakuta sanduku tupu. Hakupoteza muda kulia. Alikwenda dukani kwa Octavian.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Yustina. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yuko nyumbani. Nimefuata kioo."

"Kile? Nilikuwa namtunzia tu."

Kioo kilikuwa mbele ya macho yao, kwenye kabati la maandazi.

"Umekikata, shemeji."

"Kilikuwa hakiingii."

Kwa Apolinaria, mbao zilikuwa uani, zimefanywa kichanja cha vyombo. Vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa, na masufuria yalikuwa yamekwangua rangi kutoka Ujiji hadi Tabora.

"Mbao tu hizo, wifi," alisema Apolinaria. "Vedasto si seremala? Atachonga nyingine."

"Kwa mkono gani?"

Apolinaria akaanza kusuuza sahani iliyokuwa safi.

Emilian alikuwa amekwisha kuuza springi. Alifungua kengele moja kutoka kwenye pikipiki yake akamkabidhi Yustina kama mtu anayetoa sadaka. "Shika, shemeji. Kwani springi ndiyo itazuia mashine?"

Ukiwasikiliza mmoja mmoja, hakuna aliyeiharibu mashine. Kila mmoja alichukua kitu kidogo.

Siku ya uzinduzi Vedasto alikataa kubaki nyumbani. Sanduku lilipelekwa kwa mkokoteni, naye akaketishwa kitini kando yake. Bi Mwanne, mwakilishi wa kituo cha Igunga, alifika mapema.

"Haya, tuione ikicheza."

"Kioo kiko sokoni, kina maandazi," Yustina alimjibu. "Mbao zinakausha vyombo. Springi zimeuzwa. Kengele ninayo moja."

"Mmeibiwa?"

Kabla Yustina hajajibu, Octavian alitokea amevaa suti, Apolinaria na Emilian nyuma yake, pamoja na mpiga picha waliyemkuta getini.

"Sisi ndio familia ya mbunifu," alisema Octavian. "Tumekuja kupiga picha na mashine yetu."

Vedasto aliinua mkono wa kulia. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini kila moja lilisikika.

"Kaka. Simama hapa. Mahali pa kioo."

Akamgeukia Apolinaria.

"Dada. Lala humu. Mahali pa ubao. Emilian... wewe springi. Jikunje."

Octavian alishusha macho, kisha akamuuliza mpiga picha kama picha inaweza kupigwa bila sanduku kuonekana.

Bi Mwanne alimwinamia Yustina. "Dada yangu, nasikitika. Nilitumwa kuona mashine inayofanya kazi. Siwezi kusema nimeiona." Akaenda kwenye meza iliyofuata, na Igunga haikuagiza kitu.

Vedasto alisogeza mkono wake mzima kwenye kitufe, akabonyeza. Ndani ya sanduku tupu ukainuka mkono mmoja wa mbao, ule wa kulia. Akabonyeza tena. Ukainuka huo huo.

FUNZO

Mgonjwa si marehemu. Mali ya mtu aliye hai ni yake, hata kama hawezi kuinua kijiko. Anayeichukua bila ruhusa yake ameiba, awe kaka, dada au binamu, na neno "namtunzia" halikibadilishi kitendo chake. Udogo wa kipande alichochukua haumpunguzii kosa pia. Kazi ya mikono ya watu wawili ilikwisha kwa vipande vidogo, na kila mwenye kipande leo anajiona hana hatia.

Nanyi wa barazani, msijitoe. Lilihitajika swali moja: Yustina anajua? Hakuna aliyeliuliza. Siku nyingine mkiona kitu kinatolewa nyumbani kwa mgonjwa, msishike upande wa pili. Simameni mlangoni, muulize.