Ombi Lililomfukuza Jirani

Kavutha hushona sare za shule mlangoni pa nyumba yake, mtaa wa Kaloleni. Mbele yake kuna bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo. Nyumba mbili hutumia bomba hilo na kamba hiyo: yake na ya Wavinya, mama yake Tiffany.

Kwa miaka kumi na mmoja, mvua ikianza, Wavinya alikuwa akifika kwenye kamba kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Mama Mutie! Toka huko! Mzee wako atavaa nini kesho?" alipiga kelele, akiwa na mashati ya mume wa Kavutha begani.

"Atavaa ya mume wako!" Kavutha alijibu, na wote wawili wakacheka.

Walisali pia pamoja, katika jumuiya moja ya kanisa. Kila Jumamosi saa kumi jioni jumuiya hukutana katika nyumba ya mmoja wao, kwa zamu. Jumuiya hiyo ina sufuria tatu kubwa za kupikia wakati wa harusi na matanga. Mtunzaji wa sufuria alikuwa Wavinya. Funguo za stoo zilikaa kwake.

Siku moja mwezi wa tano, Kavutha alikuta stoo, kando ya bomba, imeachwa wazi, akaingia kuchukua mwiko. Akaona sufuria mbili tu. Ile kubwa kabisa haikuwepo.

Wavinya alikuwa bombani, hatua nane kutoka pale, akifua. Kavutha angeweza kumuuliza. Hakumuuliza. Alirudi kwenye cherehani yake, akaanza kuwaza. Je, Wavinya hakununua kabati jipya juzi? Kabati hilo lilitoka wapi? Kila siku aliongeza wazo moja. Ilipofika Jumamosi, alikuwa na hakika.

Siku hiyo jumuiya ilikutana kwa Nyamai. Nyamai ni katekista. Siku za kazi yeye ni dereva wa gari la mkate. Wakati wa maombi, kila mtu husema ombi lake, na wengine huitikia. Zamu ya Kavutha ikafika. Akafumba macho.

"Bwana, mguse yule kati yetu anayeuza vyombo vya kanisa ili ajinunulie kabati. Mwonyeshe kwamba unamwona."

"Ee Bwana, utusikie," watu wote wakaitikia, kwa mazoea.

Wavinya naye aliitikia. Mdomo wake ulikuwa umezoea. Kisha akaelewa. Akafumbua macho, akaona watu wakimtazama. Alisimama, akaweka funguo za stoo mezani, kando ya chupa ya chai.

"Mungu awabariki," akasema, akatoka.

Hakuna aliyemfuata.

Mume wa Kavutha anaitwa Maingi. Ni mchongaji wa vinyago, na Jumamosi hukaa karakanani hadi jioni. Aliporudi aliuliza, "Jumuiya ilikuwaje leo?"

"Tulisali vizuri," Kavutha akajibu.

Tangu siku hiyo Wavinya hakuja jumuiya. Nguo zake alizianika ndani, juu ya viti. Mvua iliponyesha, kila mtu alikimbilia zake.

Kavutha alidhani atapata amani, kwa sababu alikuwa amesema ukweli mbele za Mungu. Hakuipata. Alisali asubuhi, akasali mchana, lakini kifua kilibaki kizito. Siku moja alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Mama mwenye mtoto alilitazama shati, akamtazama Kavutha.

"Fundi, huyu wangu ana mkono wa kulia pia," akasema.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Nyamai alipita na gari lake la mkate. Kavutha akamsimamisha.

"Katekista, mimi nasali sana. Mbona sina amani?"

Nyamai alizima gari. Ni mtu asiyeharakisha maneno.

"Unamwomba nani?"

"Namwomba Mungu, katekista! Nani tena?"

"Na unamwombea nani?"

Kavutha akachezea futi yake ya kupimia.

"Namwombea yule mtu, abadilike."

"Yule mtu ana jina."

"Unalijua."

"Nalijua. Wewe ndiye hulitaji," Nyamai akasema polepole. "Ile Jumamosi, Mama Mutie, hukuzungumza na Mungu. Ulizungumza na Mama Tiffany, ukamfanya Mungu kipaza sauti. Na mimi nimekosa pia. Niliitikia. Nilimwona akitoka nyumbani kwangu, nikabaki nimekaa."

"Sasa nifanye nini?"

"Anza na jina lake. Ukisali, sema: Bwana, huyu ni Wavinya. Halafu mwombee kitu ambacho ungemwombea mwanao mwenyewe. Afya. Usingizi mzuri. Usimwombee abadilike. Ukishasali, nyamaza kidogo, umsikilize Mungu naye. Kisha mfanyie jambo moja jema kwa mikono yako, hata dogo. Upendo wa Kristo ni kazi ya kila siku, kama kufagia."

"Na sufuria je?"

"Nenda umuulize. Bwana wetu alifundisha kwamba tupatane na mwenzetu kwanza, ndipo tulete sadaka. Nenda leo."

"Leo nina sare kumi na mbili," Kavutha akasema. "Nitaenda kesho."

Jioni hiyo alisali kama alivyofundishwa. Mara ya kwanza alisema "yule mtu". Mara ya pili jina likatoka. Alipokaa kimya, hakukumbuka sufuria. Alikumbuka mvua, na mtu anayekimbia na mashati begani. Akalia kidogo.

Asubuhi alienda kwa Wavinya. Mlango ulikuwa na kufuli. Alifagia mbele ya mlango ule, akarudi kushona. Siku ya pili kufuli lilikuwa bado lipo.

Alhamisi jioni Maingi alirudi kutoka kazini akiwa na sufuria kubwa kichwani.

"Mpelekee Mama Tiffany," akasema. "Mwambie asante kwa kunivumilia."

Kavutha aliitazama sufuria. Ilikuwa ile ile, lakini kitako chake kilikuwa kipya.

"Ulipata wapi hii?"

"Niliiazima kwake niyeyushe nta ya kung'arishia vinyago. Nikaisahau motoni, ikatoboka. Niliona aibu sana. Nilimwomba asikwambie mpaka fundi wa jua kali atie kitako kingine. Fundi naye ni kesho, kesho, kesho." Maingi akacheka. Kisha akaona uso wa mkewe. "Kuna nini?"

Kavutha alikaa chini, akamweleza yote. Maingi hakumgombeza. Aliinamisha kichwa.

"Angetaja jina langu tu," akasema, "angekuwa huru."

"Alinyamaza kwa ajili ya nyumba yetu," Kavutha akasema.

Kesho yake, Ijumaa, alikwenda kwa Anab, mama wa Kisomali mwenye duka la vitambaa kwenye kona.

"Leo utanunua, Mama Mutie, au utapapasa tu kama kawaida?" Anab akatania.

"Dada, umemwona Mama Tiffany?"

Anab akaacha kutabasamu. "Kwani hujui? Mama yake alifariki Jumatatu usiku, huko Mwingi. Jumanne alfajiri mimi na mume wangu tuliwasindikiza kwenye basi, yeye na familia yake. Nilimuuliza, watu wako wa kanisa wako wapi? Akasema wana shughuli."

Kila mwanajumuiya anapofiwa, jumuiya yote huja. Huimba, hupika kwa zile sufuria, husafiri naye hadi kaburini. Mama yake Wavinya aliitwa Syombua. Alizikwa Ijumaa hiyo hiyo, na hakukuwa na hata mtu mmoja kutoka Kaloleni.

Wavinya alirudi Jumatano. Kavutha na Maingi walikwenda kwake pamoja. Kavutha hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Mama Tiffany, nilikuhukumu bila kukuuliza. Nilitumia sala kukupiga. Nilikosa. Naomba unisamehe."

Wavinya alikunja leso yake mara nne.

"Nimekusamehe," akasema mwishowe. "Nilikusamehe njiani, kwa sababu nilichoka kukubeba. Lakini mama yangu nilimzika bila wimbo wenu hata mmoja. Hilo huwezi kunirudishia, Mama Mutie."

"Siwezi," Kavutha akasema.

Nje mawingu yalikuwa yanakusanyika. Baadaye Wavinya akasema, "Nguo zako ziko kwenye kamba. Nenda uzianue."

Jumamosi iliyofuata zamu ya kukaribisha jumuiya ilikuwa ya Kavutha. Hata Maingi alikuwepo. Kabla ya Neno kusomwa, Maingi alisimama akaeleza habari ya sufuria kwa kinywa chake. Nyamai naye aliomba msamaha. Wakakubaliana wote: mtu asimwombee mwenzake hadharani kabla ya kwenda kuzungumza naye mlangoni kwake.

Wavinya alikuja amechelewa, akakaa karibu na mlango. Nyamai alikuwa ameweka funguo za stoo mezani. Hakuzigusa, na hakuna aliyemhimiza.

Wakati wa maombi, Kavutha alifumba macho. Kifua chake kilikuwa kimetulia, ingawa kiliuma.

"Bwana," akasema, "mpokee mama yetu Syombua, ambaye hatukumsindikiza. Na mfariji Wavinya, binti yake."

Watu walikawia kuitikia. Kila mmoja alikuwa anafikiri kwanza.

Sauti ya kwanza ilitoka karibu na mlango.

"Ee Bwana, utusikie," Wavinya akasema. Ndipo wengine wakafuata.