Pumzi Tano za Mwatumu

Kila asubuhi, mtaa wa Makorora uliamshwa na harufu ya vitumbua vya Mwatumu. Wateja walijaa mlangoni na sahani zao, kila mmoja ana haraka. Mwatumu alikuwa na mikono miwili tu. Mmoja uligeuza vitumbua, wa pili ulimbembeleza mtoto mgongoni. Mdomo nao haukupumzika.

"Mastura! Kuni! Mastura! Sukari! We mtoto, umelala huko?"

Mastura alikuwa binti yake wa miaka minane. Alileta kuni mbio, akaziweka mbali na mama yake, kisha akarudi kinyumenyume. Mwatumu aliliona hilo, likamchoma. Lakini nani ana nafasi ya kusikitika wakati mafuta yanaungua?

Mume wake, Hatibu, alifanya kazi katika shamba la mkonge, akirudi nyumbani Jumamosi jioni. Safari hii alirudi na neno zito.

"Mama Mastura, mtoto anakuogopa. Akisikia sauti yako anatetemeka. Nimezungumza na dada. Jumapili ijayo atakuja kumchukua, akakae naye Kigombe."

"Mwanangu? Mwanangu mwenyewe?"

"Najua unampenda. Lakini kuna siku inayopita hujamfokea?"

Mwatumu akainuka, akaenda kuloweka mchele wa kesho. Tangu hapo kifua kilimbana, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Majirani wakasema ana jini, apungwe. Yeye Jumatatu akaenda kliniki kwa nesi Lea, Mbondei aliyekuwa amepanga nyumba ya pili.

Lea alimpima, akasikiliza kifua chake kwa makini.

"Moyo wako mzima, dada. Una mawazo na haraka. Mwili uko hapa, akili imeshafika kesho."

"Basi nipe dawa."

"Ya kuanzia unayo puani."

Mwatumu akakunja uso. Kaja na maradhi, anafanyiwa mzaha!

"Sikutanii," Lea akasema. "Mzazi akibanwa na uchungu wa kujifungua, mimi humwambia avute pumzi taratibu, na mara nyingi mwili wake hulegea. Pumzi hiyo hiyo humfaa mwenye hasira na mwenye hofu. Kanyaga chini nyayo zote mbili. Vuta pumzi kwa pua, hesabu mpaka nne. Itoe polepole kwa mdomo, hesabu mpaka sita. Mara tano tu. Akili ikikimbia, usiigombeze. Irudishe kwenye pumzi."

Mwatumu akajaribu. Ya kwanza akawaza unga. Ya pili akawaza kuni. Ya tatu mabega yake yakashuka yenyewe, wala hakujua kwamba yalikuwa juu.

"Lo!" akasema.

"Fanya hivyo kabla ya kuwasha moto, na kila hasira inapopanda. Ukiosha vyombo, yahisi maji, usiwaze lingine. Shida zako hazitaondoka. Ila utapata nafasi ya kuchagua la kufanya. Na kifua kikiendelea kubana, rudi nikupime tena."

Adhuhuri ilipofika, Mwatumu akatia udhu. Siku zote alitia udhu huku anamwita Mastura na kuwaza mchele aliouloweka. Leo alinyamaza. Maji yakatua viganjani, ya baridi. Yakapita kati ya vidole. Yakagusa uso. Akasimama na kata mkononi, machozi yanamlenga.

"Subhanallah! Miaka yote hii natia udhu, leo ndiyo nimeyahisi maji!"

Msidhani aligeuka malaika. Jumanne alifoka, akasahau pumzi kabisa. Jumatano alikumbuka katikati ya tusi, akalimeza. Alhamisi aliwasikia shomoro juu ya paa, akashangaa wamehamia lini pale. Wateja wakaulizana kama anaumwa, mbona kanyamaza! Lakini Mastura bado alikaa mbali.

Jumapili wifi yake, Mwanamkasi, akafika kutoka Kigombe. Mastura alikwenda kumletea shangazi yake maji. Akiwa anapita, kiwiko chake kikagonga taa iliyokuwa mezani. Chemni yake ya kioo ikaanguka, ikavunjika vipande vipande.

Hatibu akainuka nusu. Mtoto akajikunyata ukutani, mikono kichwani.

Hasira ikampanda Mwatumu mpaka kooni. Akakanyaga chini nyayo zote mbili. Akavuta pumzi. Akaitoa. Tena. Tena. Ya nne, akamwona mwanawe, akamwona kweli: mikono midogo ile, na damu mguuni. Na ile hasira, ajabu ya Mungu, ikashuka kama maziwa yaliyoepuliwa motoni. Ya tano hakuihitaji.

"Usisogee, mwanangu. Umejikata?"

Mastura akashusha mikono. Akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Kidogo, mama."

Kisha akanyoosha mikono abebwe. Miaka minane, ati anataka kubebwa! Mwatumu akambeba, akaketi naye, akaanza kumsafisha kidonda. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakutisha."

Mwanamkasi akaokota vipande vya chemni. Kisha akasema kwa upole.

"Haya, Mastura. Mama akimaliza, tufunge nguo zako? Basi la Kigombe halingoji mtu."

Mtoto akaegemea kifua cha mama yake, akatulia.

"Shangazi, nenda tu. Mimi nakaa na mama."