Mchawi Mumpatie Jina Langu

Kusuka kichwa kizima huchukua nusu siku, na midomo isipopata kazi huanza kusengenya. Ndiyo maana Noella, mwenye saloni ya viti vitatu kule Songo, kando ya ziwa, aliamua kuwasomea wateja wake riwaya. Yeye mwenyewe alikuwa hasuki wiki hizo. Ndoa yake ilikaribia, na Alliance, msusi wake, alikuwa amemkataza katakata asichoshe vidole.

Kitabu alikiokota sokoni kwenye rundo la vitabu vikuukuu, hakina hata jalada. Kilikuwa cha Kifaransa: mchawi anampenda mwanaume aitwaye Aurélien. Noella alisoma kwa macho, akawamiminia wenzake Kiswahili.

"Iyi majina ya bazungu inatushinda," Alliance alilalamika. "Uyu mwanaume umupatie jina ya kwetu."

Noella aliitazama kadi ya ndoa aliyoibandika kwenye kioo, akacheka. "Basi aitwe Lionel."

Vigelegele! Lionel ndiye mchumba wake, dereva wa lori la mchele, na wiki ile alikuwa Luberizi akingoja mzigo.

"Na muchawi?" Alliance aliuliza.

 Nani ampe mchawi jina la jirani yake?

"Mumupatie yangu," alisema mteja wa kiti cha mwisho. "Minye ni Generose."

Hakuna aliyemjua. Alisema ametoka Katogota. Nywele zake zilikuwa nzito kwa maji, na hata Alliance alipozifuta kwa taulo hazikukauka. Lakini mtu anayejitania mwenyewe hupendeka haraka, wakacheka naye.

Jumatatu mchawi wa kitabuni alimwibia mpenzi wake usingizi. Kesho yake Lionel akapiga simu. "Sikufunga jicho usiku muzima, chérie." Noella akamtania kwamba ni kiherehere cha bwana harusi.

Jumatano mchawi alichukua sauti ya mpenzi huyo. Alhamisi simu ililia, Noella akasikia pumzi tu. Kisha ukaja ujumbe: *Siwezi kusema. Koo haiumi.*

 Noella akajificha nyuma ya pazia, akafungua ukurasa wa mwisho. Mchawi anasimama mlangoni. Anamwita mpenzi wake kwa jina, mara moja tu. Naye anamfuata mpaka majini.

Noella alikitupa kitabu kwenye mbabula ya makaa, ile ya kuchemshia maji ya kuchovya nywele za bandia za meshi. Hakikuungua. Makaa ndiyo yaliyozimika, yakatoa harufu ya matope ya ziwani.

Alipogeuka, Generose alikuwa amesimama nyuma yake. Siku nne anasukwa, na kila asubuhi anarudi misuko imefumuka.

"Soma mupaka mwisho, yaya, dada yangu," alinong'ona. "Ukiachia katikati, mwanaume wako atabakia vile."

"Weye ni nani?"

"Si ulinipatia mahali ndani ya kitabu mwenyewe?"

Noella hakulala. Alimpenda Lionel tangu shule, na hakuwa tayari kumzika kwa ajili ya mchezo wa saloni. Kulipokucha akapata hila. Angemaliza hadithi, ila angerudisha jina la kitabuni, Aurélien. Mchawi amchukue Mfaransa wake.

Ijumaa saa sita mchana alisoma, jua likiwaka mlangoni.  "Mchawi akaita: Aurélien." Jina la Lionel halikumtoka hata mara moja. Akafunga kitabu, akashusha pumzi. Alliance alifunga msuko wa mwisho wa Generose. Safari hii haukufumuka.

Lori likaunguruma nje.

Lionel akaingia, mzima, na vumbi la barabara kwenye shati. Noella alimrukia, akalia kwa furaha.

"Lionel! Umefika!"

 Mkono wake ulikuwa baridi.

"Lionel, ni minye."

Hakumtazama. Alisimama tu katikati ya saloni, kama mtu anayengoja kuitwa kwenye ofisi.

"Lionel."

Generose alikuwa ameshafika mlangoni. Hakupaza sauti.

"Aurélien."

Hapo ndipo Lionel akageuka, kama mtu aliyesikia jina lake.

Noella alimng'ang'ania shati. Kifungo kikamkatikia mkononi. Wale wawili wakavuka barabara, wakateremka kuelekea ziwani, hawakukimbia, hawakutazama nyuma. Noella na Alliance waliwafuata wakipiga kelele, mpaka maji yakawafunika wale wawili. Wavuvi walipiga mbizi mpaka jioni. Hawakupata mtu. Hawakupata hata kiatu.

Aliporudi saloni, Noella aliona Alliance, aliyetangulia kurudi, amesimama mbele ya kioo, kiganja mdomoni. Alikuwa akiitazama ile kadi ya ndoa. *Tunawaalika kwenye ndoa ya*, kisha nafasi tupu, safi, kana kwamba wino haukuwahi kuifikia. Kisha: *na Noella*.

Wateja waliobaki wakingoja habari walifungua mikoba yao, wakatoa kadi zao. Wengine walikimbia nyumbani kuangalia. Kadi mia mbili zilikuwa zimegawiwa, na zote zilikuwa hivyo hivyo.