Rafu ya Bi Mwajabu

Kabla ya adhana ya alfajiri, mfuniko wa sufuria ulianza kugongagonga jikoni kwa Bi Mwajabu. Ukutani, kialamishi kikaamka.

Kilikuwa chombo cha duara, kama sahani ya wali, na siku hizo hapakuwa na nyumba Tanga isiyokuwa nacho. Ukikuta ukurasa mzuri mtandaoni ulisema tu "alamisha", nacho kiliuhifadhi, kikaupanga kwenye rafu pamoja na kurasa za namna yake, kisha kikawapelekea marafiki uliowataja. Rafiki akiufungua, taa ya kijani iliwaka kwako. Watu walipata habari za wenzao bila hata kuvaa viatu.

"Zuhura amefungua?" Bi Mwajabu aliuliza.

"Hajafungua, Bibi," kialamishi kilijibu kwa upole.

Moyo ukamshuka. Zuhura alikuwa rafiki yake tangu enzi za kusukana nywele. Tangu augue, kila chakula cha jiko-roboti kilimkinaisha. Ndipo Bi Mwajabu akamtafutia mtandaoni mapishi ya mama zao: mkate wa kumimina, mchuzi wa papa, na vileja, zile biskuti za unga wa mchele. Kwa kuwa yote yalitaka kukorogwa kwa mkono, rafu aliiita Mwiko. Kurasa za awali Zuhura alizifungua kila siku; za rafu hii taa haiwaki. Labda Zuhura bado ana kinyongo kwa utani aliomtania harusini, kwamba vileja vyake vinafaa kujengea ukuta.

Kulipopambazuka, gari-anga lilitua uani. Akashuka Zuhura, uso umekunjamana, mkononi kashika mfuko wa ndimu. Hata kwa hasira hakuja mikono mitupu, na viatu alivivua mlangoni kama siku zote.

"Mwajabu, mimi na wewe tumefichana nini?"

"Karibu kwanza, mwenzangu. Hodi umeimeza?"

"Sitaki chai. Nauliza kialamishi changu umekiwekea nini, hata kinaniambia, 'Bi Mwajabu ana rafu ya mwiko, si ruhusa kuiona.' Uzee huu, una mambo ya mwiko na nani?"

Bi Mwajabu akacheka mpaka akashika meza. Akauchomoa mwiko kwenye sufuria, uji ukidondoka, akauinua mbele ya kialamishi.

"Hiki ni nini?"

Chombo kikaumulika. "Kijiti, Bibi."

"Ni mwiko!"

"Mwiko ni jambo lililokatazwa. Ndiyo maana niliifunga rafu, nikutunzie siri."

Zuhura akajikalia kitini, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Masikini, kimekutunzia kweli. Waliokiunda wamekua na majiko yanayojikoroga yenyewe. Nani angewaonyesha mwiko?"

Bi Mwajabu hakuweza kukikasirikia. Kilikosea kwa nia njema. Ila lilimgusa jambo jingine: taa ilipokuwa ikiwaka kila siku, Zuhura hakuwahi kukanyaga pale, wala yeye hakuwahi kwenda kwake. Hata alivyokonda alikuwa hajamwona kwa macho.

Akammiminia uji, akaukamulia ndimu. Zuhura akanywa, akaomba tena.

"Na wewe, taa isipowaka ulidhani nini?" Zuhura aliuliza.

"Kwamba umenichoka kwa ajili ya vileja."

"Vileja vyangu ni vigumu, najua. Nilikuwa nakusubiri uje unifundishe."

"Nimfungulie Bi Zuhura rafu?" kialamishi kiliuliza.

"Mfungulie," Bi Mwajabu alisema, na taa ikawaka.

Walipika vileja mpaka jua likawa kali, wakavila vikiwa moto, wakibishana juu ya hiliki. Zuhura alipopanda gari-anga, Bi Mwajabu aliushika mlango usijifunge.

"Njoo tena Ijumaa," alisema. "Njoo hata kama hatujagombana."